Njano Uliyoichagua Wewe

Hadija mwanangu,

Umepanda gari la Mtinko asubuhi kwenda kumuaga bibi yako, na mimi nimefunga duka saa nane mchana, jambo ambalo unajua silifanyi hata siku ya mvua. Nimezima kompyuta, nimechukua karatasi ya mistari kama mwanafunzi wa kidato cha pili. Kesho alfajiri unakwenda Dar. Barua hii nitaificha ndani ya begi lako, chini ya ile kanga ya kijani, uikute ukishafika. Nikikupa mkononi nitakaa nikikutazama usoni unavyosoma, halafu kwa woga wangu nitaanza kuongea ili usimalize.

Habari za chakula, za kulala mapema, za kutompa kila mtu namba ya simu, shangazi yako alizimaliza jana na akazirudia. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kifuani miaka mitatu.

Lakini unanijua, siwezi kuingia kwenye jambo zito moja kwa moja. Ngoja kwanza niseme ninavyofurahi, maana nisiposema nitapasuka. Huu ni mwezi wa pili tangu niolewe, na bado nikisikia pikipiki ya Shabani ikizimwa nje natafuta kioo. Mwanamke wa miaka arobaini na tatu! Leo asubuhi amenichemshia chai kabla ya kwenda kazini. Ameweka tangawizi nyingi mpaka machozi yakanitoka, na mimi nimeinywa yote, nikamwambia sijawahi kunywa chai tamu kama hiyo, na wallahi sikuona kama nadanganya. Ananiita Maua. Zile kucha zake zenye wino usiotoka, ambazo zamani nilikuwa najiuliza huyu mtu haogi, sasa nikiona mwanaume mwenye kucha nyeupe namwonea huruma. Miaka kumi na miwili tangu baba yako atangulie mbele ya haki nilijua mlango huo umefungwa, na sikuwa hata nagonga. Sasa naamka naimba. Majirani wananicheka, na mimi nacheka pamoja nao.

Wewe bado unamwita fundi. Hajalalamika hata mara moja. Juzi ulipomwambia "Shikamoo fundi" mbele ya wageni, alicheka peke yake mpaka jioni. Akaniambia, "Mke wangu, mimi nimepewa cheo na mtoto, usikiguse."

Haya. Nimesema. Sasa sikiliza, mwanangu, kwa sababu furaha hii yote ilianza siku ileile niliyokukosea.

Unakumbuka zile lebo za mafuta za kina mama wa Mtinko. Najua unazikumbuka. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, matokeo bado, na ulikuwa unashinda dukani kwangu kwenye ile kompyuta ya zamani, au kule kwenye mtambo wa kuchapia nyuma ya soko, ukimsumbua Shabani kwa maswali. Wakati huo kwangu alikuwa fundi wa mashine tu, mtu ninayempelekea kazi. Wewe ndiye uliyekuwa unarudi na maneno yake. "Mama, fundi anasema kioo cha kompyuta kina taa nyuma yake, karatasi haina taa. Karatasi inaazima mwanga wa dirishani." Mimi nilikuwa naitikia "sawa sawa" huku natoa kopi za vyeti vya watu.

Na siyo kwamba nilikuwa sijaonywa. Mwaka uliotangulia nilitengeneza kadi za harusi ya watu wa Ikungi, zambarau nzuri ya kung'aa kwenye kioo, na mashine ikazitoa bluu kama sare ya shule. Bi harusi alilia hapa hapa dukani. Kwa miezi mingi kina dada wa saluni ya jirani walikuwa wakinipita wananiita Mama Bluu. Unaona basi. Nilijua kwamba kioo kinadanganya. Nilijua, na bado.

Bibi yako alipokuja na habari kwamba kikundi chao kimepata chupa nzuri na kinataka lebo, wewe ulifurahi kuliko wao. Ulichora ua la alizeti kwa mkono, ukalipiga picha, ukalisafisha kwenye kompyuta. Halafu ukaanza ile kazi ya rangi ambayo mimi niliiona kama mchezo. Uliomba chupa ya mafuta ukaiweka dirishani. Ukapunguza mwanga wa kioo mpaka nikadhani kimeharibika. Ukabadilisha faili zima kutoka kwenye rangi za kioo kwenda kwenye zile wino nne za mashine, bluu, waridi, njano na nyeusi, na ukawa unapanga kiasi cha kila wino kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Siku tano. Nilipokuuliza kwa nini ile njano inakuchukua muda hivyo ulinijibu bila kugeuka, "Bluu isiiguse kabisa mama. Bluu ikiingia hata kidogo, njano inakuwa ya kijani, na mafuta yataonekana yameoza." Na yale maandishi ukayaweka kwa wino mweusi peke yake, ukaniambia herufi ndogo zikipakwa wino zote nne zinacheza, zinatoa kivuli. Ukahifadhi faili, ukaliandika "mwisho", ukaliweka kwenye fleshi nyekundu. Kisha ukaondoka kwenda Misigiri kwa shangazi yako aliyejifungua.

Ulisema, "Mama, wewe peleka tu."

Mwanangu, mimi sikupeleka tu.

Asubuhi ile niliamka na mawazo ya kijinga ambayo sijamwambia mtu. Wiki ile Shabani alikuwa amepita dukani mara mbili kununua kalamu, na mtu wa mtambo wa kuchapia hana shida ya kalamu. Nilivaa gauni la maua. Nikasema ngoja nilitazame faili kabla sijampelekea, asije akaona tumefanya kazi ya ovyo. Nikalifungua. Ua lilionekana limepauka. Njano imelala. Nikasema, maskini mtoto wangu, amehangaika siku tano halafu amelitia vumbi.

Nikaanza kulitengeneza. Nikarudisha rangi za kioo. Nikavuta njano mpaka ikawaka kama limau lililooshwa. Nikavuta na majani ya kijani. Maandishi nikayaona membamba, nikayaongezea weusi kutoka kila wino. Likawaka! Nikalihifadhi kwenye fleshi ileile, kando ya lako. Nilisimama mbele ya kioo nikatabasamu kama mtu aliyepaka poda. Nilitaka aone. Nilitaka afungue pale mashineni aseme, kumbe huyu mama ana macho.

Alinipokea mlangoni. "Karibu mama Hadija. Leo umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe. Kwani njia siijui?"

"Njia unaijua. Mimi ndiye nilikuwa sijui kama naruhusiwa kukukaribisha chai."

Nakuandikia na hili kwa sababu nimeamua kutoficha kitu. Nilijisikia kama nina miaka kumi na minane. Akafungua faili, akalitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema polepole, "Hii njano... Hadija ameiona hii?"

Hapo ndipo ningesema. Palikuwa na nafasi kubwa kabisa, kama mlango wa gari la mizigo. Nikajibu, "Ni yake. Ameimaliza mwenyewe."

"Basi nitoe moja ya majaribio, tuitazame nje juani?"

"Hakuna muda fundi. Kina mama wanazitaka Ijumaa."

Muda ulikuwepo. Niliogopa tu kwamba angeona kosa, na kosa lingekuwa langu, siku hiyo ya gauni la maua. Akaniamini. Aliamini kwamba mimi mama yako najua kazi ya mtoto wangu. Tukanywa chai huku mashine inapasha moto. Ndiyo ile chai ninayoisimulia kila siku, ile ninayosema ndiyo iliyoniozesha. Sasa unajua ilinywewa juu ya nini.

Ijumaa ulirudi kutoka Misigiri, tukaenda wote Mtinko. Wewe hukuwa umeziona lebo, walikuwa wameshazibandika. Kwenye uwanja wa kinu cha kukamulia, chupa zilikuwa zimepangwa juu ya mkeka. Nilipoziona kwa mbali nilipunguza mwendo, wewe ukatangulia. Ile limau yangu mashine haikuweza kuitengeneza bila kutia bluu, na bluu ilikuwa imeingia. Njano ya kijani, ya maji yaliyotuama. Na mafuta yale masafi, mafuta ya alizeti za bibi yako mwenyewe, yalionekana nyuma yake kama yamekaa miaka.

Mwenyekiti, Mama Ntandu, ndiye aliyeanza. "Jamani, hii ni lebo au ni kitambaa cha kupangusia sufuria?"

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Mafuta ya juzi yamekuwa ya mwaka juzi!"

"Na haya maandishi? Ni mimi macho yamechoka au yana kivuli?"

"Kivuli kipo, dada. Hata mimi nakiona, na miwani nimeacha nyumbani."

"Sasa nani katufanyia hivi?"

"Si huyo mtaalamu wenu wa mjini. Mjukuu wa mama yetu hapa. Eti kompyuta!"

Wote wakakugeukia. Bibi yako akajifunga kanga upya bila sababu. Na wewe ukanitazama mimi. Hukukasirika, ulikuwa unatafuta tu. Ukauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ulipeleka lile lililoandikwa mwisho?"

Nikasema, "Nilipeleka ulichoniachia."

Maneno mawili. Nimeyahesabu mara nyingi. Ni mepesi, na nimeyabeba kuliko debe la maji.

Ulichukua chupa moja ukaenda nayo juani. Ukaigeuza, ukaitazama, ukairudisha kwenye mkeka pale pale ulipoitoa. Kisha ukapiga goti mbele yao. "Nisameheni mama zangu. Nimekosea rangi." Bibi yako akasema kwa Kinyaturu maneno ambayo sitayaandika hapa. Hayakuwa matusi, yalikuwa ya huruma, na niliona jinsi yalivyokuingia.

Siku tatu tulikaa tunabandua lebo kwa maji ya moto, wewe na mimi na kina mama wawili. Nilikuwa nimekaa karibu yako, bega kwa bega, na wewe ndiye uliyekuwa unanifariji. "Usihuzunike mama. Nitajifunza." Ungenitukana ningesema ukweli palepale, nadhani. Wema wako ndio uliofunga mdomo wangu. Na hilo nalo si kosa lako, usije ukalichukua.

Nilijiambia atasahau, ni mtoto. Lakini nilikuona. Ulianza kuita watu wa barabarani waje dukani, "Kaka samahani, hii unaiona nyekundu au chungwa?" Kazi ndogo ya bango uliikagua mara sita halafu ukamwambia mteja aende kwa wengine. Siku moja natafuta mkasi kwenye droo yako nikakuta kadi ya hospitali. Ulikuwa umekwenda kupima macho, Hadija. Peke yako, bila kuniambia, ulikwenda ukakaa kwenye benchi, wakakuonyesha zile duara zenye namba za rangi, wakakuandikia macho mazima. Na bado hukuyaamini. Mimi nikairudisha kadi kwenye droo, nikaifunika na bahasha, nikaenda kupika. Nimefanya mambo mengi mabaya katika maisha yangu, lakini kuifunika ile kadi ndiko kunakonirudia ninapotaka kusali.

Halafu ikaja harusi yangu. Nilikuomba unitengenezee kadi, ukakataa, nikakubembeleza, ukakubali. Ile nyekundu iliyokolea. Ulikuja jikoni mara nne na karatasi mkononi. "Mama, hii ni nyekundu kweli? Unaiona hivyo na wewe?" Mara ya nne nilikuwa nimeshika mwiko, na nikaona wazi nilichokufanya. Mtoto mwenye macho mazuri kuliko watu wote mjini hapa alikuwa ananiomba mimi, Mama Bluu, nimwazime yangu.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Shabani, zikiwa zimebaki wiki tatu tufunge ndoa, nikamwambia yote. Nilidhani ataniacha, na nilisema nikiwa nimesimama ili nisipate tabu ya kuinuka. Akavuta droo ya chini ya meza yake, akatoa fleshi nyekundu.

"Uliisahau siku ile," akasema. "Mafaili yote mawili yamo. La kwako na la kwake."

"Ulijua?"

"Nilijua wiki ileile, lebo zilipokuwa zimeshatoka. Nikasema huyu mama atasema mwenyewe. Nikasubiri. Nimekosea kusubiri, Maua. Mtoto ndiye aliyelipia subira yangu."

Tukagombana, ugomvi wetu wa kwanza na mpaka leo wa pekee. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza kwa nini sikusema. Halafu akaniwekea fleshi mkononi. "Na hii si ya kuniletea mimi. Ina mwenyewe." Nilikuahidi moyoni kwamba nitakuambia kabla ya harusi. Harusi ikaja, na mimi nikaolewa huku nimebeba uongo chini ya hina, na nikafurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kweli. Miezi miwili nimekuwa nikisema kesho.

Sasa kesho ni safari yako.

Juzi nilikusikia ukiongea na Shabani barazani. Nafasi aliyokutafutia kwa rafiki yake ni ya chumba cha rangi, kuyapanga mafaili ya watu kabla hayajaenda mashineni. Ni kazi yako, ni ile uliyoifanya siku tano na chupa dirishani. Nikakusikia unamwambia, "Nitakwenda fundi, lakini Jumatatu nitawaomba waniweke kwenye kufunga vitabu. Rangi waachie wenye macho." Akageuka kunitazama kupitia dirisha la jikoni. Nikaenda chumbani nikalia kwenye mto.

Ndiyo maana naandika. Jumatatu utasimama mbele ya watu usiowajua na utawaambia uongo wangu ukidhani ni ukweli wako. Hukukosea rangi, Hadija. Hukuwahi kukosea. Mimi nilibadilisha faili lako, nikamdanganya Shabani kwamba ni lako, nikakuacha upige goti badala yangu mbele ya bibi yako.

Sikuombi msamaha humu. Kwenye barua ni rahisi mno, mtu haoni uso wa mwenzake. Ukitaka kukaa kimya mwezi au mwaka, kaa, nitajua nimestahili. Kina mama wa Mtinko sijawaambia bado, kwa sababu sikutaka wao wajue kabla yako, na sikutaka leo uwakute wananong'ona. Jumamosi wanakamua. Nitakwenda, nitasimama palepale kwenye mkeka, na Mama Ntandu anifanyie mzaha wake wote. Shabani amesema atanisindikiza. Nimemwambia anifikishe njia panda tu, pale kwenye uwanja nitaingia peke yangu.

Chini ya barua hii kuna bahasha ngumu. Usiikunje. Jana Shabani alifungua faili lako, lile lililoandikwa "mwisho", hakugusa kitu, akalitengenezea pleti, lile bati la kuchapia, akachapa kwenye mashine ileile na karatasi ya aina ileile. Ametoa lebo chache tu. Nilikuwepo. Ya kwanza ilipotoka aliichukua kwa ncha za vidole, akatoka nayo nje juani, akaigeuza huku na huku. Akanikabidhi, akarudi ndani kufuta macho kwa kitambaa chenye wino, na sasa ana alama ya bluu shavuni ambayo haitoki. Ukisoma haya utakuwa umeshaiona stendi alipokuaga. Sasa unajua ilitoka wapi.

Bibi yako lazima amekupa chupa ya mafuta leo, namjua, haachi mtu aondoke mikono mitupu. Ukishaamka asubuhi, kabla hujaenda popote, iweke chupa dirishani. Weka lebo yako kando yake. Tazama wewe mwenyewe, mwanga ukiwa mzuri, kwa muda wowote utakaotaka.

Na usinipigie simu kuniuliza kama zinafanana.

Ni mimi mama yako,
niliyeigeuza ile njano.